Ukoko wa Maziwa juu ya Chuma cha Moto: Nafasi ya Protini, Madini na Uchachu katika Mitambo ya Kupasha Maziwa

Utangulizi

Katika Kiswahili cha kila siku neno ukoko hutaja zaidi tabaka la wali linaloganda chini ya sufuria. Maana hiyo inafaa kueleza jambo linalowasumbua wasindikaji wa maziwa, kwa kuwa nalo huzaliwa kwa namna ileile: chakula hukutana na uso wenye joto kuliko chenyewe, sehemu yake hubadilika umbo na kushikamana na chuma, na kuanzia hapo huzuia joto kukifikia chakula kilichobaki. Makala hii inatumia istilahi ukoko kwa mabaki yaliyopikwa juu ya chuma cha moto, na inaitofautisha na ukoga, yaani utando wa uchafu au wa vijidudu unaojijenga taratibu hata mahali pasipo na moto. Tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Ukoga huondolewa kwa kusugua na kuua vijidudu. Ukoko ni zao la mmenyuko wa kikemia, na anayetaka kuudhibiti hana budi kujua mmenyuko huo unaanzia wapi.

Hoja inayofafanuliwa hapa ni kwamba ukoko huanza kutengenezwa ndani ya maziwa kabla haujaonekana juu ya chuma. Hata hivyo, mazoea ya viwandani huelekeza karibu juhudi zote kwenye chuma: kununua mabamba laini zaidi, kuongeza ukali wa dawa ya kusafishia, kurefusha muda wa kuosha. Gharama ya mazoea hayo humlemea zaidi msindikaji mdogo, ambaye hupokea maziwa kutoka kwa wafugaji wengi waliotawanyika, ana mtambo mmoja tu, na kila saa mtambo huo unapooshwa ni saa ambayo maziwa mengine yanasubiri kwenye madumu.

Gharama ya nusu milimita

Kibadilishajoto kinachotumika zaidi katika kupasteurisha maziwa ni kile cha mabamba. Mabamba membamba ya chuma cha pua kisichoshika kutu hupangwa ubavu kwa ubavu, maziwa yakipita upande mmoja wa bamba na maji ya moto upande wa pili. Sharti la upasteurishaji wa mkondo ni maziwa yafikie nyuzi 72 za Selsiasi na kubaki katika joto hilo kwa sekunde 15. Bamba likiwa safi, joto hupita kwa urahisi. Kiwango cha wati 3,000 kwa mita mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto ni cha kawaida. Uwezo wa ukoko wa kupitisha joto ni takriban wati 0.3 kwa mita kwa nyuzi, ilhali ule wa chuma cha pua ni takriban wati 16.

Hesabu rahisi inatosha kuonyesha matokeo yake. Ukinzani wa bamba safi, pamoja na maji na maziwa ya pande zote mbili, ni 0.0003 hivi. Tabaka la ukoko lenye unene wa nusu milimita peke yake huongeza ukinzani wa takriban 0.0017. Jumla inakuwa 0.002, na kiwango cha upitishaji wa joto kinashuka kutoka wati 3,000 hadi 500, yaani sehemu moja ya sita. Nusu milimita ya ukoko huzuia joto sawasawa na bamba la chuma lenye unene wa zaidi ya sentimita mbili na nusu. Hakuna mhandisi ambaye angekubali kununua kibadilishajoto cha aina hiyo, lakini ndicho anachokuwa nacho mwishoni mwa zamu.

Mara nyingi mhudumu wa mtambo haoni mporomoko huo, kwa sababu mfumo wa udhibiti humficha. Joto la maziwa linapoanza kupungua, mfumo huongeza joto la maji ili nyuzi 72 zipatikane. Kipimajoto cha maziwa huendelea kusoma 72, na dalili pekee zinazobaki ni mbili: maji ya moto yanapanda joto saa baada ya saa, na pampu inahitaji shinikizo kubwa zaidi kupitisha kiasi kilekile cha maziwa kwenye nafasi zilizokwisha kuwa finyu. Mtambo unapofika mwisho wa uwezo wake, maziwa huanza kutoka chini ya nyuzi 72. Hapo vali ya kugeuza mkondo huyarudisha kwenye tangi la mwanzo ili maziwa yasiyokamilika yasimfikie mlaji. Kinga hiyo ni ya lazima, lakini ina tatizo lake: maziwa yaliyorudishwa yamekwisha pashwa mara moja, na yanarudi kwenye mabamba yakiwa na protini ambazo zimeanza kubadilika.

Kuongeza joto la maji kuna athari nyingine ambayo maelezo mengi huipitia haraka mno. Husemwa kwamba maji yakiwa moto zaidi, maziwa nayo hukutana na uso wa moto zaidi, hivyo ukoko huongezeka. Kauli hiyo ni kweli kwa sehemu tu. Pale ambapo ukoko umekwisha kutanda, uso unaogusa maziwa ni wa ukoko wenyewe, na joto lake halibadiliki sana. Kinachopanda joto ni chuma na tabaka la ndani lililokigusa, ambalo huendelea kupikwa, kukauka na kuwa gumu. Lakini ukoko hautandi kwa usawa. Kwenye bamba hilohilo kuna sehemu ambazo bado ni safi, na hizo sasa zinapokea maji yenye joto kubwa kuliko yale ya asubuhi. Huko ndiko ukoko mpya unakozaliwa kwa kasi. Hivyo basi, zamu ndefu huzaa mambo mawili kwa pamoja: ukoko wa zamani unaokaza na ukoko mpya unaoenea.

Protini inayokunjuka

Maziwa ya ng'ombe yana protini takriban asilimia 3.3. Asilimia 80 hivi ya protini hizo ni kaseini, ambazo huvumilia joto vizuri na husafiri katika maziwa zikiwa zimekusanyika kama vijipira vidogo sana. Zilizobaki ni zile zinazosalia kwenye maji ya jibini baada ya maziwa kugandishwa, na takriban nusu yake ni protini moja iitwayo beta-laktoglobulini, ambayo hufikia gramu 3 hivi kwa lita. Ni kiasi kidogo, lakini watafiti wengi wanaiona kuwa ndiyo kiini cha tatizo.

Sababu imo katika umbo lake. Beta-laktoglobulini ni mnyororo wa asidi amino 162 uliokunjwa kwa ustadi. Ndani yake mna sisteini tano. Nne kati yake zimefungamana mbili mbili kwa madaraja ya salfa, na ya tano, iliyo katika nafasi ya 121, imebaki peke yake ikiwa na kundi la thioli lisilofungamana na chochote. Maziwa yakiwa baridi, kundi hilo limefichwa ndani ya mikunjo na halina madhara. Joto likikaribia nyuzi 70, mnyororo huanza kukunjuka na thioli hujitokeza nje. Kuanzia hapo hushambulia madaraja ya salfa ya molekuli jirani, huvunja daraja moja na kujenga jingine, na kila daraja linalojengwa huacha thioli nyingine ikiwa huru kuendeleza kazi. Protini zilizokuwa zikielea kila moja peke yake hushikamana kuwa vibonge, na baadhi hujiunga na kapa-kaseini iliyo kwenye ngozi ya vijipira vya kaseini.

Dannenberg na Kessler (1988), waliochunguza kasi ya mmenyuko huu katika maziwa, walionyesha kwamba mwenendo wake hubadilika karibu na nyuzi 90. Chini ya hapo hatua inayochelewesha ni kukunjuka kwenyewe, na ongezeko dogo la joto huharakisha mmenyuko sana. Juu ya hapo karibu protini zote zimekwisha kukunjuka, na kinachochelewesha ni kukutana na kushikamana. Katika eneo ambalo mitambo mingi ya kupasteurisha hufanya kazi, tofauti ya nyuzi tatu au nne kwenye ukuta si jambo la kupuuzwa.

Uhusiano wa mmenyuko huu na ukoko ulidhihirishwa na Lalande, Tissier na Corrieu (1985) nchini Ufaransa, walipohusisha kiasi cha ukoko kwenye kibadilishajoto na kiasi cha beta-laktoglobulini inayobadilika umbo wakati wa kupasha. Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu kubwa ya protini inayobadilika haigandi kwenye chuma kamwe. Huendelea na safari pamoja na maziwa. Vibonge vilivyokwisha kukamilika katikati ya mkondo havina tena hamu kubwa ya kushika ukuta. Protini ya hatari ni ile iliyokunjuka lakini haijapata mwenza, inapofika katika tabaka tulivu la maziwa lililo kando kabisa ya bamba.

Kutokana na hilo, mbinu mojawapo inayofanikiwa viwandani haihusu chuma hata kidogo. Kabla ya kupelekwa kwenye sehemu yenye joto kali zaidi, maziwa hupashwa hadi nyuzi 85 au 95 na kushikiliwa kwa muda katika bomba au tangi lisilo na ukuta wa moto. Protini hukunjuka na kushikamana zenyewe kwa zenyewe katikati ya mkondo, na zinapofika kwenye mabamba ya mwisho zimekwisha kutulia. Watengenezaji wa mtindi hufanya jambo linalofanana kwa sababu nyingine: hupasha maziwa hadi nyuzi 90 au 95 kwa dakika kadhaa ili mtindi uwe mzito. Kwa msindikaji wa maziwa ya kawaida ya kunywa mbinu hii haifai, kwa kuwa hubadilisha ladha.

Mtambo mdogo una somo lake hapa. Wasindikaji wengi wadogo hupasteurisha kwa mafungu, katika tangi lenye kuta mbili, kwa nyuzi 63 kwa dakika 30. Kwa kutazama kipimajoto mtu angetarajia ukoko usiwepo, maana joto hilo liko chini ya lile linaloikunjua beta-laktoglobulini kwa wingi. Lakini ikiwa kati ya kuta hizo mbili umepitishwa mvuke, ukuta unaogusa maziwa una joto lililo mbali sana na 63, hasa mwanzoni au pale kikorogeo kinapozunguka polepole. Kipimajoto kilichozamishwa katikati ya tangi hakisemi lolote kuhusu ukuta. Kubadili mvuke kuwa maji ya moto kati ya kuta hizo huchelewesha kazi kidogo, ila hupunguza ukoko kuliko dawa yoyote ya kuosha.

Ukoko laini na ukoko mgumu

Mgawanyo unaotumika hadi leo ulielezwa na Burton (1968), aliyekuwa mtafiti wa maziwa karibu na Reading, Uingereza. Aina ya kwanza, inayoitwa A, hutokea kati ya nyuzi 75 na 110 hivi. Ni nyeupe, laini, imevimba kama maziwa yaliyokatika, na protini ni asilimia 50 hadi 70 yake, madini yakiwa asilimia 30 hadi 40. Aina ya pili, B, hutokea juu ya nyuzi 110, katika mitambo ya maziwa ya muda mrefu ambayo pakiti zake huandikwa UHT. Hii ni ngumu, ya kijivu, ina chembechembe, na mpangilio wake umepinduka: madini huwa asilimia 70 hadi 80 na protini asilimia 15 hadi 20 tu. Katika zote mbili mafuta ni kidogo, ingawa maziwa yenyewe huwa na mafuta mengi kama protini au zaidi. Mafuta yanayoonekana kwenye ukoko mara nyingi yamenaswa tu katika wavu wa protini.

Madini yanayohusika ni hasa fosfeti ya kalsiamu. Tofauti na chumvi ya mezani, ambayo huyeyuka zaidi maji yakipata moto, fosfeti ya kalsiamu huyeyuka kidogo zaidi kadiri joto linavyoongezeka. Maziwa yanapopashwa, sehemu yake hujitenga na kutafuta mahali pa kutulia, na ukuta wa moto ndio mahali rahisi zaidi. Kalsiamu ina kazi nyingine pia: kwa kuwa protini za maziwa yasiyochacha zina chaji hasi na husukumana, kalsiamu yenye chaji chanya huingia kati na kuziunganisha.

Kipi hutangulia?

Swali la kama protini au madini ndiyo hutangulia kufika kwenye chuma limewagawa watafiti kwa muda mrefu, na halikuwa swali la nadharia tupu. Ukoko wa mitambo iliyofanya kazi kwa saa nyingi ulipokatwa na kuchunguzwa, sehemu iliyogusa chuma ilikutwa na madini mengi kuliko sehemu ya nje. Hitimisho lililoonekana dhahiri lilikuwa kwamba madini hutangulia kutanda na protini hushika juu yake.

Belmar-Beiny na Fryer (1993) waliuangalia mwanzo wenyewe badala ya mwisho. Walipochunguza nyuso zilizogusana na myeyuko wa protini za maji ya jibini kwa muda mfupi sana, walikuta kwamba kilichofika kwanza ni protini. Matokeo hayo yanapatana na jambo linalojulikana vyema katika kemia ya nyuso: protini hushika karibu uso wowote mgumu ndani ya sekunde chache, hata bila joto. Wingi wa madini karibu na chuma katika ukoko uliokomaa unaelezeka kwa njia nyingine. Ukoko ni kama sifongo. Maziwa yaliyomo ndani yake huendelea kupata joto, na mahali penye joto kali zaidi ni pale kwenye chuma. Fosfeti ya kalsiamu hujitenga hapo, chini ya protini iliyotangulia. Aliyekuja wa pili amejenga msingi chini ya nyumba iliyokwisha kusimama.

Maelezo haya ndiyo yenye nguvu zaidi kwa ukoko wa aina A, na yanapunguza sana matumaini yanayowekwa kwenye nyuso maalumu. Chuma cha pua kina ngozi nyembamba ya oksidi ya kromiamu, na kwa desturi ya usafi wa viwanda vya chakula mikwaruzo yake haipaswi kuzidi wastani wa mikromita 0.8. Watafiti wamejaribu kukipaka nikeli iliyochanganywa na plastiki ya sufuria zisizoshika chakula, au kaboni ngumu inayofanana na almasi. Nyuso hizo zinaweza kuchelewesha mwanzo wa ukoko na kurahisisha uondoaji wake. Lakini baada ya tabaka la kwanza la protini kutanda, maziwa hayakigusi tena chuma. Yanagusa maziwa mengine yaliyopikwa. Kwa kiwanda kinachofanya kazi saa nyingi mfululizo, kucheleweshwa kwa dakika kadhaa hakulipi bei ya kupaka mabamba yote. Viputo vya hewa vina athari kubwa zaidi kuliko mipako hiyo: kiputo kikijishikiza ukutani, maziwa yanayokizunguka hukauka na kuacha pete ya ukoko. Kuongeza shinikizo kidogo kwenye njia ya kutokea kwa kawaida hutosha kuvizuia.

Mpangilio wa kuosha

Kama madini yangekuwa chini na protini juu katika kila hali, mpangilio mmoja wa kuosha ungefaa kwa mitambo yote. Desturi iliyoenea, yaani suuza, alkali, suuza, asidi, suuza, imejengwa juu ya dhana hiyo. Alkali, kwa kawaida kostiki soda ya asilimia 0.5 hadi 1.5 katika nyuzi 70 hadi 80, huivunja protini. Asidi ya naitriki huyeyusha madini yaliyobaki. Kwa ukoko wa aina A desturi hii ni sahihi. Kutanguliza asidi kungeiacha protini ilivyo, na hata kuikaza.

Katika sehemu ya mwisho ya mtambo wa maziwa ya muda mrefu hali ni tofauti. Huko madini ni robo tatu ya ukoko, na alkali ikipita kwanza hukutana na ukuta wa fosfeti ambao haina uwezo nao. Kutanguliza asidi huko kuna mantiki, kisha alkali ikafuata kuondoa protini iliyofunuliwa. Mtambo mmoja huwa na aina A katika mabamba ya mwanzo na aina B katika ya mwisho. Kuyaosha yote kwa utaratibu mmoja ni kukubali kwamba sehemu moja itaoshwa vibaya. Pale ambapo mabomba hayaruhusu kuzitenga sehemu hizo, alkali iliyochanganywa na kemikali zinazoikamata kalsiamu ni suluhisho la kati.

Makosa ya kawaida zaidi ni kuongeza kostiki soda pale ukoko unapokataa kutoka. Bird na Fryer (1991) walionyesha kwamba kasi ya kuondoka kwa ukoko wa protini huongezeka na ukali wa kostiki soda hadi karibu asilimia 0.5, na baada ya hapo hupungua. Alkali kwanza huufanya ukoko uvimbe na kufunguka, ndipo mkondo wa maji unapoweza kuumega. Alkali ikiwa kali mno, uso wa ukoko hugeuka kuwa kitu kinachofanana na jeli iliyobana, na dawa haipenyi tena. Anayeongeza ukali huona ukoko ungali pale, huongeza tena, na gharama hupanda pamoja na tatizo. Suuza ya kwanza nayo hufanywa mara nyingi kwa maji ya moto kupita kiasi, yanayomalizia kuipika protini iliyokuwa bado laini. Maji ya vuguvugu, yasiyozidi nyuzi 50 hivi, hufanya kazi bora.

Katika ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki na visiwani, ambako visima vingi vimechimbwa katika miamba ya matumbawe, maji yenyewe yanaingia katika hesabu. Maji magumu yakichanganywa na alkali ya moto huacha chokaa juu ya mabamba, na msindikaji anaweza kudhani ni mabaki ya maziwa. Kisima kilichoingiliwa na maji ya bahari kina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kloridi hutoboa chuma cha pua matundu madogo ambamo ukoko na vijidudu hupata hifadhi. Dawa za klorini zikiachwa kwenye mabamba usiku kucha huleta madhara hayohayo.

Maziwa ya ngamia kama kipimo cha nadharia

Ikiwa beta-laktoglobulini ndiyo chanzo, maziwa yasiyokuwa nayo hayapaswi kuacha ukoko. Maziwa hayo yapo. Ngamia, ambaye maziwa yake huuzwa kwa wingi kaskazini mwa Kenya, Isiolo na Garissa zikiwa miongoni mwa masoko yake, hana protini hiyo kabisa. Hata hivyo, watafiti wa Tunisia na Ufaransa walipopasha maziwa ya ngamia juu ya chuma cha pua, walipata ukoko.

Matokeo haya hayaibomoi nadharia, bali yanaionyesha mipaka yake. Protini kuu katika maji ya jibini ya ngamia ni alfa-laktalbumini, ambayo ina madaraja manne ya salfa lakini haina thioli huru ya kuanzisha mnyororo. Albumini ya damu, iliyomo pia, inayo thioli moja. Zaidi ya hayo, kapa-kaseini, ambayo ndiyo hulinda vijipira vya kaseini visigandane, ni kidogo mno katika maziwa ya ngamia yakilinganishwa na ya ng'ombe. Farah na Atkins (1992) waliona kwamba maziwa ya ngamia hayavumilii nyuzi 130; huganda baada ya dakika chache. Mlango mmoja umefungwa na mwingine umefunguliwa. Kwa msindikaji anayenunua mtambo uliobuniwa kwa maziwa ya ng'ombe ili atengeneze maziwa ya ngamia ya muda mrefu, maana yake ni kwamba hatua ya kushikilia maziwa katika nyuzi 85 au 95 haina protini iliyokusudiwa kuituliza, na wakati huohuo huipa kaseini dhaifu muda wa ziada katika joto.

Uchachu unaopita mlangoni

Kati ya mambo yote yanayoongeza ukoko katika mazingira ya Afrika Mashariki, lililo kubwa pengine ni uchachu. Maziwa mabichi yasiyochacha yana pH ya 6.6 hadi 6.8. Skudder na wenzake (1986), walioshusha pH ya maziwa kwa makusudi kabla ya kuyapasha katika mtambo wa maziwa ya muda mrefu, waliona ukoko ukiongezeka kwa kiasi kikubwa. Sababu zinaeleweka: chaji hasi zilizokuwa zikizitenga protini hupungua, na kalsiamu nyingi zaidi huachiliwa kutoka kwenye vijipira vya kaseini na kuwa huru kuziunganisha.

Maziwa yanayokamuliwa alfajiri, yakabebwa kwa baiskeli au pikipiki katika madumu yasiyo na ubaridi hadi kituo cha kukusanyia, huanza kuchacha njiani. Kituoni hupimwa kwa laktomita ili kujua kama yameongezwa maji, na kwa alkoholi: maziwa huchanganywa na kiasi sawa cha alkoholi ya takriban asilimia 70, na yakikatika hukataliwa. Kipimo hiki ni cha haraka, cha bei nafuu, na kimewalinda wasindikaji wengi. Lakini kiliwekwa ili kujibu swali jingine. Kinayakataa maziwa ambayo uchachu wake umepita takriban asilimia 0.21 ya asidi ya laktiki, wakati maziwa mabichi mazuri huwa na asilimia 0.14 hadi 0.18. Maziwa yaliyo kati ya 0.18 na 0.21 yanapita mlangoni bila pingamizi, yanaingia tangini, na ndiyo yanayoacha ukoko mzito kwenye mabamba saa chache baadaye. Mfugaji amelipwa, karani ameandika kwamba maziwa ni mazima, na lawama inaishia kwa fundi aliyeosha mtambo jana usiku.

Kipimo cha pH mlangoni hakihitaji kuongeza idadi ya maziwa yanayokataliwa, jambo ambalo lingemuumiza mfugaji asiye na kosa lolote ila umbali. Kinachohitajika ni matangi mawili badala ya moja. Maziwa yenye pH ya 6.65 na kuendelea hupelekwa kwenye mabamba. Yaliyo chini ya hapo, lakini yaliyopita kipimo cha alkoholi, hupelekwa kwenye tangi la mtindi, ambako hupashwa polepole kwa maji ya moto na uchachu wake ni sehemu ya safari yanayokwenda.